Kahawa ya Pili Katika Duka la Bunduki

Siku ya kuniaga, nyinyi mnaoshika kaunta sasa mliniuliza lile dele la shaba la kahawa lililo juu ya kabati la chuma ni la nani, na mbona halitupwi. Nikacheka, nikawaambia ni pambo. Nilisema uongo. Lile ni chombo cha kazi kama daftari la risasi, na limeshika watu wengi kuliko pingu za kituo kizima. Sasa nimekaa nyumbani mwezi wa nne, mguu ukiamka vibaya silali wala siketi, nikaona bora niandike. Mimi niliishia darasa la tano, na hata huko nilifika kwa kusukumwa, basi mkiona maneno yamepinda yanyoosheni wenyewe. Majina nitayataja. Waliokufa Mungu awarehemu, na walio hai wanajua nyumba yangu iko wapi.

Nianze kabla ya duka, maana bila hapo hamtaelewa. Nilikuwa nikisukuma mkokoteni Mwembe Tayari, nikibeba mizigo ya abiria wa mabasi ya bara. Siku moja mimi na mwenzangu Chengo tuligombania magunia mawili ya viazi ya mama mmoja. Nikampiga ngumi moja, akaangukia ukingo wa barabara, taya likavunjika. Yule mama akabebewa magunia yake na mtu wa tatu. Mimi nikashtakiwa.

Aliyenidhamini mahakamani ni shemeji yangu Bakari, mume wa dada yangu Mwanaisha. Alikuwa na hoteli ya chai na mahamri karibu na stendi. Alitia sahihi kwamba kila tarehe ya kesi nitafika, na nisipofika ataulizwa yeye. Nilifika mara mbili. Kabla ya mara ya tatu wazee wa mtaa wetu wa Majengo wakaingilia, wakatukalisha barazani kwa marehemu babangu, mimi na Chengo uso kwa uso. Nikaomba radhi. Chengo akakubali, kwa kuitikia kwa kichwa tu, maana taya lilikuwa bado limefungwa. Ikaletwa halwa na kahawa, dua ikaombwa, na mzee mmoja akasema, "Haya, kesi imekwisha." Wote tukaitikia kwamba imekwisha. Katika watu wote waliokula ile halwa, na walikuwa wengi, hakuna hata mmoja aliyewaza kwenda kumwambia hakimu.

Wiki tatu baadaye nikapata kazi kwa Bwana Taibali.

Duka mnalijua, lakini zamani zile lilikuwa jengine. Lilikuwa ndani ya nyumba ya mawe pale Mji wa Kale, mbele kuna mlango wa vyuma wa kufunguliwa na mtu aliye ndani, nyuma kuna mlango wa mbao wa kutolea takataka. Mbele yaliuzwa makasha ya chuma, ndoana na kamba za kuvulia. Bunduki, bastola na risasi zilikaa chumba cha pili, nyuma ya kaunta na wavu. Bwana Taibali aliniuliza mambo mawili tu: kama nalewa, na kama najua kupika kahawa. Nikajibu la na ndiyo. Akaandika "Athumani" kwenye karatasi, basi, bila jina la baba. Walimkagua kila mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma na fagio mkononi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, mwenyeji wa mtaa wa Kuze, mshika kaunta. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa kushonea upande mmoja, na kofia yake sikuwahi kuiona na doa. Siku ya kwanza alinipa bastola tupu, akanambia nisome namba iliyochongwa ubavuni. Nikasoma. Akanambia nisome tena kutoka nyuma kuja mbele. Nikauliza kwa nini. "Ukiisoma mbele wasoma unalotarajia," akasema. "Ukiisoma nyuma wasoma kilichoandikwa." Mpaka leo nasoma hivyo, hata namba za simu. Pia alinifundisha kulinganisha picha ya kitambulisho na mtu kwa masikio. Ndevu hunyolewa, alisema, na mwili hunenepa, lakini sikio hubaki vile lilivyozaliwa. Na kanuni kubwa kuliko zote: silaha ya mteja haiguswi kabla mwenyewe hajatoa magazini ya risasi na kufungua chemba, mtutu ukielekea lile sanduku la mchanga la pembeni. Hata akiwa nani.

Ukaguzi wenyewe ulikwenda hivi. Mteja anatoa cheti chake cha kumiliki silaha na kitambulisho. Mzee Kombo anaandika jina, namba ya cheti, namba ya bunduki na idadi ya risasi. Kisha anapiga simu ofisi ya vyeti kuuliza kama cheti ki hai, na anapiga kituoni kuuliza kama mtu huyu anatafutwa na mahakama, yaani kama kuna waranti ya kumkamata iliyolala mahali. Nyinyi sasa mwabonyeza kitufe na jibu latoka kabla mteja hajamaliza kupiga chafya. Wakati ule ilikuwa nusu saa, mara nyengine saa nzima, na simu ikikatika waanza upya. Mteja hawezi kusimama saa nzima akitazamana na wavu. Kwa hivyo aliketi kwenye benchi, nami nikamletea kahawa.

Kahawa ina adabu zake. Mgeni akitosheka, anakitikisa kikombe kidogo kwa vidole, nawe hummiminii tena. Asipotikisa, unaongeza. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini dukani kulikuwa na namna yake. Mara moja moja, mteja ameshatikisa, Mzee Kombo angeweka simu chini na kusema, "Athumani, mwongeze mgeni kahawa." Nami nikaongeza, nikidhani ni ukarimu wa mzee. Na mara hizo hizo, nikawa naona mteja akitoka tu anakutana na Sajenti Mulwa wa kituoni na mwenzake kwenye ngazi ya nje. Nikasema moyoni, polisi hawa wanapenda sana kivuli cha ngazi yetu.

Mwaka mzima sikujumlisha. Darasa la tano, nimeshawaambia.

Aliyenifungua macho ni Rashidi wa malori, aliyekuwa akizoa taka na kuzimwaga Kibarani wakati jaa bado liko. Alikuja kununua risasi za bunduki yake ya kufukuzia wezi wa vyuma, akanywa viwili, akakamatwa. Miezi baadaye tulikutana matangani Majengo, nikawa mimi ndiye ninayezungusha kahawa. Nilipofika kwake mara ya pili, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Kwako wewe kimoja chatosha, yakhe," akasema, na watu wakasikia. "Cha pili kilinifikisha rumande."

Baraza nzima ikacheka. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kufunika vikombe vyao. Nilizunguka na dele limejaa nikarudi nalo jikoni limejaa. Ndipo nikajua kwamba Majengo nzima inajua kazi yangu, isipokuwa mimi.

Kesho yake nikamuuliza Mzee Kombo. Hakuficha. Akanambia simu ikisema mtu anatafutwa, sheria ni kumweka mpaka askari wafike, na ukimwambia "ngoja" atakimbia, au atatoa alichonacho kiunoni. Kahawa haimshtui mtu. Akanionyesha daftari: kwenye pambizo, mbele ya majina fulani, alikuwa ametia nukta ndogo ya penseli. Kila nukta ni kikombe cha pili. Nikamuuliza walifanya nini watu hao. Akasema hajui, simu husema ndiyo au la, haisemi kwa nini. "Lakini wengi," akasema, "ni watu waliopatana na wenzao nyumbani wakaisahau mahakama. Mahakama haisahau, mwanangu. Haikualikwa." Rashidi mwenyewe alikuwa ameshtakiana na jirani kwa ukuta wa choo, wakapatana, wakaozana mpaka watoto. Faili likabaki wazi.

Mngedhani hapo ningeshtuka na kukumbuka halwa yangu mwenyewe. Sikukumbuka. Nilimhurumia Rashidi, nikasema watu wengine ni wazembe.

Sasa nije kwa Hilal Garofu. Huyu namtaja kwa jina lake lote, ingawa najua hukaa safu ya mbele katika kila harusi mjini. Ana majumba, ana wapangaji, na wapangaji wake wakichelewa huja watu wawili kuwaondoa. Mara ya kwanza alipokuja nilipeleka kahawa, akakataa, akataka soda. Mzee Kombo akapiga simu, akasikiliza, akaiweka chini polepole. Nikaona penseli inatia nukta. Nikashika dele. Lakini Mzee Kombo hakuniita. Alipanda juu kwa Bwana Taibali, na Bwana Taibali akashuka mwenyewe, jambo alilolifanya mara chache kama mvua ya Januari, akamwongezea Garofu soda na kumuuliza habari za watoto. Sajenti Mulwa hakuja. Garofu akaondoka na risasi zake. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo.

Nilimuuliza Mzee Kombo, nukta ya Garofu ina tofauti gani na ya Rashidi. Akavua miwani akaipangusa. Kwa Mzee Kombo, kupangusa miwani ndiyo ilikuwa sentensi nzima.

Mara ya tatu Garofu alileta bastola iliyokuwa inakwama. Akaitoa kiunoni akaitupa juu ya kaunta, magazini ndani. Mzee Kombo akamwambia kwa upole atoe magazini kwanza na kuielekeza kwenye sanduku la mchanga. Bwana Taibali, kutoka kwenye ngazi, akasema, "Kombo, usimsumbue bwana." Garofu akacheka, akaichukua mwenyewe, akaivuta kuonyesha pale inapokwama. Haikukwama.

Mlio sikuusikia. Niliona tu vikombe vinaruka kwenye sinia na mimi niko chini, nikijiuliza nani amenimwagia kahawa ya moto pajani. Haikuwa kahawa.

Hospitali Bwana Taibali aliwaambia nimeangukia nondo kwenye jengo. Daktari akatazama tundu la mbele, akanigeuza akatazama la nyuma, akasema, "Nondo hii ilikuwa na haraka." Akaandika nondo. Sajenti Mulwa alikuja dukani, nimeambiwa, akanywa soda, hakuandika kitu. Nilipoweza kukaa kitandani nilimtumia salamu Bwana Taibali kwamba nikitoka nitakwenda kituoni kuandikisha maelezo: nani alinipiga, na kwamba aliyenipiga alikuwa anatafutwa na mahakama tangu mara ya kwanza alipokuja. Hilo likumbukeni, maana nitalirudia.

Nikatoka baada ya miezi minne, na mguu huu mnaoujua. Maelezo sikuandikisha. Kwanza nilisema nitangoja nipate nguvu, kisha nikasema nitangoja Ramadhani ipite. Ukweli ni kwamba niliogopa. Lakini hasira ilibaki ikinila, nikaipeleka mahali pamoja nilipoweza. Nilisimama mbele ya Mzee Kombo nikamwambia kuanzia leo kikombe cha pili ni cha kila mwenye nukta. Tajiri, maskini, ndugu yangu wa tumbo moja. Ama wote, ama simimini tena.

"Ndugu yako usimtie katika kiapo," Mzee Kombo akasema.

"Namtia."

Akanitazama sana. "Haya. Umesema wewe."

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi, duka halina mtu, akaingia shemeji yangu Bakari. Hoteli yake ilikuwa imevamiwa mara mbili, akaomba cheti cha bastola, akakipata mwaka uliotangulia, kihalali kabisa, kwa alama za vidole na kila kitu. Sasa alitaka risasi. Tukasalimiana, nikamuulizia Mwanaisha, akanambia ananuna kwa vile siji kula. Nikamletea kahawa. Akanywa, akatikisa kikombe. Alikuwa na haraka, ameacha mtu mmoja na meza sita.

Mzee Kombo alikuwa na simu sikioni. Nikaona penseli. Nikadhani anaandika namba. Akaiweka simu chini, akalitazama lile daftari kama limeandikwa kwa wino asioujua. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Athumani. Mwongeze shemejiyo kahawa."

Nyinyi mkinihukumu, mnihukumu hapo. Hakunilazimisha mtu. Ningeweza kuliangusha dele. Ningeweza kusema kahawa imekwisha. Kichwani mwangu niliwaza haraka kwamba Bakari hana kosa, ni makosa ya majina, atakwenda, ataeleza, atarudi adhuhuri, na mimi nitakuwa mtu aliyeshika neno lake, si kama Taibali. Nikamimina.

Bakari alitazama kikombe kilichotikiswa kikijaa. Ni mtu wa Majengo. Alijua.

"Mimi, Athumani?"

"Ni kanuni, shemeji."

Hakusimama. Hakugusa kiuno. Alikinywa kile kikombe taratibu mpaka masazo, akakirudisha kwenye sinia, akanishukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji. Bado nasikia ile "ahsante".

Sajenti Mulwa akafika na karatasi. Akaisoma kwa sauti. Karatasi ilisema Bakari anatafutwa kwa kuwa yeye ni mdhamini, na ameshindwa kumleta mahakamani mshtakiwa aitwaye Athumani Mwinyi Hamadi, katika kesi ya kumvunja mtu taya.

Mimi huyo. Nimesimama na dele.

Sajenti Mulwa alikuwa amekunywa kahawa yangu karibu miaka saba. Aliniita "Athu wa kahawa". Sijui kama aliwahi kuuliza jina la babangu. Akainua uso kutoka kwenye karatasi, na macho yake yakapita kwangu yakasimama kidogo.

"Yuko wapi huyu Athumani?"

Mpaka leo sijui alimuuliza Bakari au aliniuliza mimi.

Mzee Kombo akavua miwani. Bakari ndiye aliyejibu.

"Alihama zamani, afande. Nasikia yuko Tanga."

"Tanga wapi?"

"Tanga ni kubwa."

Wakaondoka naye. Hakugeuka kunitazama, na ninadhani hakugeuka kwa makusudi, ili Mulwa asifuate macho yake. Nikabaki nimesimama. Nikaosha vikombe. Mteja mwengine akaingia, nikampelekea kahawa.

Siku tisa. Nawaambia idadi ili msidhani ilikuwa saa moja ya kuchanganyikiwa. Siku tisa nilikwenda kazini na kurudi. Kila jioni Mwanaisha alikuwa mlangoni kwangu. Hakujua ni kesi gani, Bakari alimwambia ni mambo ya hoteli. Alinishika mkono akanambia, "Ndugu yangu, wewe wakaa na polisi kila siku. Huwezi kuwaambia? Ana sukari yule, na kidole cha mguu kimeanza kuoza." Nikamwambia nitaongea nao. Nilikuwa naongea nao kweli. Nilimuuliza Mulwa kama ataka sukari kwenye kahawa.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka na sijapata jibu moja likakaa. Niliogopa jela, ndiyo. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo. Lakini pia sikuelewa. Nilikuwa nimekula halwa. Nilishikana mkono na Chengo mbele ya watu. Niliona kama wameniletea maiti niliyekwisha kumzika, wakaniambia anahema.

Siku ya tisa mchana Mzee Kombo alifunga daftari, akaliweka mbele yangu.

"Athumani, nimetia nukta kwa majina ya watu miaka thelathini," akasema. "Lako nilitie wapi? Hatuna daftari la mlango wa nyuma."

Nikavaa viatu nikaondoka. Nilipitia Mwembe Tayari kwanza kumtafuta Chengo. Alikuwa anauza vifuniko vya simu, taya limepona likiwa limeelekea kulia kidogo, kama mtu anayetaka kukwambia siri. Nilipomwambia alinishangaa kweli.

"Ile kesi? Si tulikula halwa?"

"Tulikula."

"Basi wataka nini tena?"

Alikuja. Aliacha meza yake kwa jirani akaja, na mtu huyo nilimvunja taya. Nilijisalimisha kwa karani wa mahakama, nikafungiwa siku nne, kisha tukasimama mbele ya hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Akauliza miaka yote hii tulikuwa wapi. Chengo akajibu kwamba tulipatana, mheshimiwa, wazee walikuwapo na halwa ilikuwapo. Hakimu akaandika kidogo. "Hiyo halwa haikuletwa hapa," akasema. Chengo akasema anasamehe, akaweka dole gumba, nikapewa onyo kali, faili likafungwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha dele moja.

Bakari aliachiliwa siku ile ile. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikwisha kwenda. Cheti chake cha silaha kilifutwa, na bastola ikachukuliwa. Cha Hilal Garofu hakijafutwa. Sasa mimi nachechemea kulia na Bakari anachechemea kushoto, na tukitoka pamoja watu hudhani twaigana.

Dukani nilirudi. Taibali hakunifukuza, na sijui kwa nini. Labda aliogopa nitafungua mdomo kuhusu nondo. Nikashika kaunta baada ya Mzee Kombo kufariki. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuliza kituoni majina yangu matatu, kisha ya kila mfanyakazi. Nanyi fanyeni hivyo kila mwaka mpya, kabla hamjabonyeza kitufe kwa jina la mtu. Na mteja akija akakwambia kesi yake ilikwisha nyumbani, mwambie kabla hujapiga simu aende mahakamani leo, kwa miguu yake, na yule aliyepatana naye. Si kinyume cha sheria. Niliuliza.

Lile faili lililala takriban miaka saba bila mtu kuligusa. Likaamka baada ya mimi kutuma salamu kwa Taibali kwamba nitaandikisha maelezo juu ya Garofu. Taibali alikuwa akila chakula cha mchana na Mulwa kila Jumatano. Labda Mulwa alinitafuta kwenye makaratasi ili aninyamazishe, na kwa kuwa mshtakiwa hapatikani, akaanza na mdhamini. Labda karani alikuwa anasafisha kabati tu. Nikipanga lawama haipangiki: namweka Garofu mbele, nawaona Taibali na Mulwa wanamsukuma, nyuma yao wazee wa halwa, na nikiwafuata wote mpaka mwisho wa foleni naona mtu ameshika dele. Mulwa alistaafu akarudi kwao bara. Ningependa kumuuliza alimuuliza nani siku ile.

Bakari hajawahi kulitaja. Hata Mwanaisha nilimwambia mimi mwenyewe, akalia, akanipikia. Ila tangu alipotoka, nikienda kwao, Bakari hunimiminia kahawa kikombe kimoja, kisha huliweka dele upande wake wa pili, mbali na mkono wangu. Sikuwahi kutikisa kikombe nyumbani mwake. Hapakuwa na haja. Miaka kumi na tisa, kimoja kimoja.

Siku mliyoniaga nilikwenda kwao na ile saa ya ukutani mliyonipa. Mwanaisha akaitundika. Bakari akamimina kahawa, nikanywa. Akakichukua kikombe changu akakijaza tena, akanisukumia.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Hakuna mtu mlangoni."

Alikuwa anatabasamu, lakini Bakari hutabasamu hata akiumwa. Sijui kama alikuwa ananisamehe au alikuwa anamaliza kunilipa. Nilikinywa chote, mpaka masazo, na nikasema ahsante. Lakini kabla ya kukiinua niligeuka nikatazama mlango.